Kishale cha Muuza Ugoro

Hapo zamani, enzi ambazo mtu akikuambia "nakuja sasa hivi" alikuwa yuko njiani kweli, milimani kwenye kijiji cha Kwamvumo aliishi mwanamke mmoja jina lake Nanzia. Mjane, mfupi, mwepesi wa miguu, muuza ugoro. Na ugoro wake msiuchezee. Mzee akichota kidogo tu akavuta, chafya yake inashusha kuku kwenye viota nyumba ya tatu.

Mumewe alipofariki, ndugu wa mume walikuja matangani na machozi yao. Wakalia, wakala, wakalala, na walipoondoka waliondoka na ng'ombe. "Tunakwenda kuwatunza," walisema. Mpaka leo wanawatunza. Ng'ombe wakaingia zizi la Nakundwa, dada wa marehemu, yaani wifi yake Nanzia. Nanzia akabaki na zizi tupu, na migomba isiyopata samadi ikaanza kukonda kama wachumba waliokataliwa.

Kwa hiyo kila asubuhi Nanzia alibeba kibuyu akaenda kwa wifi kuomba maziwa ya watoto, Eliamini na wadogo zake. Na maziwa ya Nakundwa hayakutoka matupu. Yalitoka na maneno.

"Wifi, kibuyu chako kimetoboka? Maana jana nilikijaza."

"Wifi, hao watoto wanakunywa maziwa au wanayaoga?"

"Wifi, na mvua yote hii umekuja? Kweli shida haina mwavuli."

Nanzia anapokea, anasema asante, anarudi kwake na maziwa mkononi na nyongo kooni. Dunia nzima alikuwa anataka kitu kimoja tu: ng'ombe wake mwenyewe. Amkamue asubuhi bila kumwambia mtu yeyote asante.

Sasa, Kwamvumo palikuwa na kilabu cha pombe ya miwa, na ukutani mwa kilabu palining'inia kipande cha gogo kilichokatwa mviringo, katikati kimechorwa jicho. Huo ndio ulikuwa ubao wao wa vishale. Kila mwaka baada ya mavuno walishindana na watu wa Mferejini, kijiji cha chini, na kila mwaka walishindwa. Walishindwa wakiwa wamelewa, wakashindwa wakiwa hawajaonja, wakashindwa hata mwaka ule Mferejini walipokuja na mrushaji mwenye chongo.

Na desturi ya mashindano yao ilikuwa hivi: mrushaji wa mwisho kila upande lazima awe mtu mpya, ambaye hajawahi kurusha siku ya mashindano. Waliiweka makusudi, ili mabingwa wasijione wamezaliwa na vishale mkononi.

Mwaka huo mwenyekiti wa kilabu, Mzee Mrindoko, alikuwa anapita kwenye shamba la mahindi akamwona Nanzia akiokota jiwe. Tumbili alikuwa juu ya mti ng'ambo ya bonde, ana hindi mdomoni. Jiwe likaenda. Hindi likadondoka. Tumbili akabaki amekaa, mdomo wazi, kama mtu aliyesomewa talaka.

"Mama Eliamini," Mzee Mrindoko akasema, "mwaka huu utaturushia vishale."

"Vishale? Baba, mimi nina ugoro wa kutwanga."

"Zawadi ya mwaka huu ni mtamba, anatolewa na Mferejini. Ana mimba."

Nanzia akaweka chini kikapu chake. "Mazoezi yanaanza lini?"

Laiti angejua. Maana kilabu cha Kwamvumo kilikuwa na vishale vitatu tu, na vishale hivyo vilikuwa vitu vitakatifu. Viliachwa na mwasisi wa kilabu, marehemu Mzee Kanyika, mtu wa mikono kama makafi. Akikushika mkono kukusalimu, unahesabu vidole ukifika nyumbani. Basi alijifulia vishale vya kumtosha yeye: viwiliwili vyake, pale pa kushikia, vilikuwa vya shaba tupu, vinene kama dole gumba, virefu, na kwa miaka yote ile ya kushikwashikwa vikawa laini, vinateleza kama kambare.

Na shiko lilikuwa moja. Vidole vyote vinne huku, gumba huku, kama unashika mpini wa jembe. Hilo waliliita Shiko la Mzee, na mwanafunzi yeyote wa kilabu alifungwa vidole na kishale kwa kamba ya mgomba mpaka vizoee. Kwamvumo mtu akirusha vibaya kosa ni la mkono. Kishale cha Mzee Kanyika hakijawahi kukosea tangu kizaliwe.

Wakamfunga Nanzia vidole. Wakamfungua. Akarusha.

Kishale cha kwanza kilimponyoka kikatumbukia kwenye mtungi wa pombe. Cha pili kilienda kichwa chini manyoya juu, kikachoma guu la meza. Cha tatu, basi tuseme kilikwenda upande wa Mzee Mrindoko, na Mzee Mrindoko alionyesha kwamba magoti yake si mabovu kama anavyosema anapoitwa kwenye kazi za kijiji.

"Badili mkono!" kilabu kizima kikapiga kelele.

Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. "Badili mkono!" Mmoja anasema kiwiko juu, mwingine kiwiko chini. Mmoja anasema avute pumzi, mwingine anasema azuie. Mlevi mmoja ambaye hajawahi kuupata hata mlango wake mwenyewe kwa mara ya kwanza akasimama nyuma yake, akamshika kifundo cha mkono, akasema, "Mama, sikiliza, siri ni hapa."

Nanzia alikuwa mtu wa adabu, lakini adabu nayo ina mwisho. "Mkono huu," akasema, "ndio nilioolewa nao, ndio niliozikia mume, ndio unaowachotea ugoro ninyi nyote hapa. Niubadili niupeleke wapi? Sokoni?"

"Ndiyo hivyo, ila ubadili," wakasema.

Yeye mkono wake ulikuwa umekwishafundwa na kazi nyingine. Muuza ugoro hashiki kitu kwa kiganja. Anachota kwa ncha za vidole: gumba, cha shahada, cha kati, basi. Kidole kidogo kinasimama pembeni kama mgeni aliyenyimwa kiti. Na vidole hivyo vina vumbi la ugoro siku zote, vikavu kama majani ya mgomba. Mtu kama huyo unampa kishale kinene, laini, anachotakiwa kukikumbatia kwa kiganja kizima! Kinateleza. Akikibana zaidi, kinapinda njia. Akikilegeza, kinaanguka miguuni. Nanzia mwenyewe hakulijua hilo. Alijua tu kwamba mtamba anamponyoka siku kwa siku, na usiku akilala anasikia sauti ya wifi: kibuyu kimetoboka?

Asubuhi moja akaenda na kibuyu chake kama kawaida. Habari za kilabu zilikuwa zimeshafika kwa Nakundwa, na habari kwa Nakundwa hazikai, zinapita tu kupumzika. Palikuwa na wanawake wengine wanachambua maharage.

"Karibu bingwa!" Nakundwa akasema. "Jamani, mmeshamwona wifi yangu akirusha? Mimi nilichungulia jana. Anashika kishale hivi," akainua vidole vitatu, kidole kidogo kimesimama, "kama anamchotea ugoro mtu wa bei ya chini. Wifi, kwa nini usiende ukachongewe kishale cha ugoro? Kijembamba, kifupi, ukichote hivi, pyu!"

Wanawake wakacheka mpaka maharage yakamwagika. Nanzia akachukua maziwa yake, akasema asante, akaondoka akitamani ardhi imeze mtu, na mtu mwenyewe asiwe yeye.

Akafika nyumbani. Akaja mteja. Nanzia, bado amekasirika, akafungua kopo, akachota. Akatazama vidole vyake. Gumba, cha shahada, cha kati. Ugoro umekaa pale umetulia, hauendi popote. Akaachia ukadondoka kwenye kiganja cha mteja, palepale alipotaka, punje haikukosea njia.

"Mama, ugoro umekwisha?" mteja akauliza, maana alikuwa ameganda.

"Nyamaza kwanza," Nanzia akasema. Akafunga kopo, akaenda mbio kwa mhunzi.

Mhunzi wa Kwamvumo alikuwa Kiariro. Fundi hodari, sikatai, lakini mtu wa kujisikia mwenyewe anapoongea. Umri umekwenda, mke hana, kisa hana ng'ombe wa mahari. Wahunzi wengine wanalipwa kwa mbuzi, yeye alikuwa analipwa kwa pombe, na pombe haizai.

"Nitengenezee kishale kinachofaa vidole hivi," Nanzia akamwambia, akamwonyesha.

"Kishale ni kishale, Mama Eliamini," Kiariro akasema, na akamfulia cha chuma kinene vilevile kama cha marehemu. Nanzia akarusha kwenye mgomba nyuma ya kiwanda chake. Kikaanguka njiani.

"Labda mkono..." Kiariro akaanza.

"Kiariro. Nimesema kijembamba."

Akamfulia kijembamba. Kijembamba kweli, kama sindano ya kushonea magunia. Vidole vya Nanzia vikakutana vikapandana, kishale hakionekani kiko wapi. Akarusha, kikaruka ubavu kama kaa.

"Labda sasa mkono..."

"Kiariro! Usiimalize hiyo."

Akafua cha tatu. Unene ukawa unakaribia, ila uzito wote ameupeleka mbele, na chuma chenyewe amekisugua kikang'aa kwa sababu, anasema, kazi nzuri lazima ing'ae. Kikateleza, kikainamisha kichwa, kikazama kwenye udongo kama kinatafuta viazi. Kiariro akafungua mdomo. Nanzia akaokota nyundo. Kiariro akafunga mdomo.

Na hapo ndipo, nadhani kwa kuogopa nyundo, mtu yule akaanza kutumia akili. Akaleta nta ya nyuki, akaipasha moto, akaikata vipande vitatu. "Chota," akamwambia. "Usinitazame mimi. Chota kama unavyochota ugoro."

Nanzia akachota. Nta ikabonyea. Gumba likaacha shimo lake upande huu, vidole viwili vikaacha vishimo vyao upande ule. Kiariro akamwambia arudie kidogo, akamsahihisha kidole, akakishika kidole, akaendelea kukishika. Watu wa Kwamvumo wanasema alikishika kuliko nta ilivyohitaji. Mimi sikuwepo.

"Sasa," Kiariro akasema, "nta hii nitaifunika kwa udongo, niichome, itoke yote, ibaki tundu lenye vidole vyako. Kisha nimimine shaba humo. Chuma hakifai, kitakuwa kinene ndipo kipate uzito. Shaba ni nzito, kidogo chake kinatosha. Na juu yake nitakwaruza mistari kama ulimi wa paka, vumbi la ugoro lisikitelezeshe. Niletee shaba."

"Shaba iko wapi Kwamvumo?"

Kiariro akaweka koleo chini. Akatazama upande wa kilabu. Nanzia naye akatazama upande wa kilabu. Wakaogopa wote wawili.

Alipomwendea Mzee Mrindoko, mzee alikuwa anakula. Aliposikia, ugali ulisimama njiani.

"Vishale vya Mzee Kanyika? Viyeyushwe?"

"Baba, vile havirushiki na mkono wangu."

"Badili m..." Akamwona macho, akaacha. "Mama Eliamini, unajua unachoniomba? Kwenye kilabu kile nimekalia kigoda cha mwenyekiti tangu ndevu zikiwa nyeusi. Wakijua, watanivua kigoda mbele za watu. Nitakunywa pombe nyumbani, na mke wangu ananitazama!"

"Na tukishindwa tena Mferejini?"

Hapo alimgusa jeraha. Mzee akasogeza ugali kando. Kisha akainuka, akaenda kilabuni mchana watu wako mashambani, akarudi na kikapu cha ndizi mbivu, na chini ya ndizi, vishale vitatu vya marehemu. Alimkabidhi Kiariro bila kutazama, kama mtu anayetoa jino lake. Kilabuni akawaambia amevificha mpaka siku ya mashindano, visiibiwe.

Kiariro akayeyusha. Wakati wa kumimina, udongo wa kwanza ukapasuka, shaba ikamrukia kiganja cha kushoto, vidole viwili vikaungua vikashikana na havikuachana tena. Alipiga kelele iliyosikika Mferejini. Lakini hakuiacha kazi. Alikimaliza kishale kile, na vingine viwili, mkono umefungwa jani la mgomba.

Vishale vikatoka: vifupi, vyembamba kiasi, vimebonyea pale pale pa vidole vyake. Nanzia akachota cha kwanza. Jamani. Kilikaa vidoleni kama kimezaliwa hapo. Akarusha kwenye mgomba, tepu! Akarusha tena, tepu! jirani ya kile cha kwanza. Nanzia akakaa chini akalia, akamwambia Kiariro moshi umemwingia machoni.

Siku ya mashindano ikafika. Kwamvumo wakashuka na ngoma, Mferejini wakawapokea kwa kejeli: "Karibuni wenye zawadi zetu!" Wanachama wa kilabu wakasema, haya mwenyekiti, toa vishale vya Mzee. Mzee Mrindoko akafungua kitambaa. Mmoja akainua kimoja, akakigeuza. "Hivi ni nini? Vijiti vya kuchokolea meno?"

Mzee Mrindoko akasema ukweli, maana hakuwa na kingine cha kusema.

Yakatoka mayowe. Wakamvua uenyekiti palepale, mbele ya watu wa Mferejini wanaoshangilia. Wakamwambia hatakanyaga tena kilabuni, yeye, wala kibuyu chake, wala kivuli chake. Mzee akaenda kukaa peke yake nyuma ya watazamaji. Lakini vishale vingine havikuwepo, kwa hiyo warushaji wa Kwamvumo wakavitumia hivyo hivyo, wakilaani. Wengine viliwakataa. Wengine, wenye vidole vyembamba, wakashangaa kwamba kumbe nao wanaweza kurusha. Wakafika mrushaji wa mwisho, pande zote zimelingana.

Mtu mpya wa Mferejini, kijana mrefu, akarusha vitatu, kimoja kikagusa ukingo wa jicho. Mferejini wakaimba.

Nanzia akasimama. Nakundwa alikuwa mstari wa mbele, hakosi. "Wifi, chota vizuri," akasema kwa sauti.

Nanzia akachota. Cha kwanza, juu ya jicho. Cha pili, chini ya jicho. Cha tatu alikishika kidogo zaidi. Akamfikiria wifi. Akakifikiria kibuyu. Akaachia. Tepu! Katikati ya jicho, kikasimama kinatetemeka. Hata Mferejini walisahau kukasirika.

Wakamleta mtamba. Mweusi, doa jeupe kwenye paji, tumbo limeshuka, siku zake zimekaribia. Mzee wa Mferejini akashika kamba akatamka masharti, kwa sababu watu wakishindwa kitu hubaki na masharti:

"Mtamba huyu ni wa mtu mmoja, yule aliyeleta ushindi. Hachinjwi. Hagawanywi. Hazungushwi leo kwako kesho kwangu. Aingie zizi la mwenyewe kabla hajazaa. Akizaa njiani hana mwenyewe, basi yeye na ndama wanarudi kwetu."

Wakaanza kupanda mlima, Nanzia mbele ameshika kamba, moyoni anachagua jina la ng'ombe. Walipofika njia panda, pale njia zinapogawanyika kwenda kila mtu kwake, Nakundwa akakaa mbele ya mtamba.

"Wifi, unakwenda naye wapi?"

"Nyumbani kwangu."

"Kwa lipi? Kishale kijembamba nani alisema? Kilabu kizima kilikuwa kinapiga kelele badili mkono, badili mkono. Kiariro alikuwa anafua mipini. Wewe ulikuwa unafungwa vidole kama kuku wa sokoni. Ni mimi peke yangu Kwamvumo nzima niliyesema mkono uacheni, badilini kishale. Kama si neno langu, mngekuwa mnarudi na ngoma imepasuka."

"Ulisema kwa kunitukana!"

"Dawa chungu si dawa? Neno ni langu. Na zizi langu lina nafasi. Maziwa utakuja kuchukua kama kawaida."

Nanzia akaivuta kamba ampite. Kiariro akaingia kati, mkono wake umefungwa.

"Neno halichomi ubao," akasema. "Maneno Kwamvumo yamejaa, mbona hayajawahi kushinda? Mimi ndiye niliyetafuta unene, mimi niliyetafuta uzito, mimi niliyevichukua vidole vya Mama Eliamini nikavitia kwenye shaba. Tazameni! Vidole viwili vimeshikana mpaka nife. Fundi wa mikono nimebaki na mkono na nusu. Mtamba ni wangu. Na tena," akashusha sauti, akaliweka shati vizuri, "mkinipa mimi, hatakaa kwangu. Nitampeleka mahari kwa kaka zake Mama Eliamini."

"Nani kakwambia naolewa?" Nanzia akasema. "Na akienda kwa kaka zangu, mimi nitakamua nini? Shemeji?"

Watu wakacheka. Mzee Mrindoko hakucheka. Alikuwa amefuata nyuma kwa mbali kama mtu mwenye ukoma, sasa akasogea.

"Neno ni zuri," akasema, "na ufundi ni mzuri. Lakini mngemimina nini kwenye lile tundu? Uji? Shaba nilitoa mimi. Nakundwa hakupoteza kitu, alicheka tu. Kiariro ameungua, nampa pole, lakini kiwanda anacho, nyundo anayo. Mimi nilijua nitakachopoteza, na nikatoa. Sina kigoda, sina kilabu, sina pa kwenda jioni. Aliyejua gharama mapema na akalipa, kuna mwingine hapa? Basi nipeni ng'ombe, nikikosa watu wa kuongea nao niongee naye."

Wote wakamgeukia Nanzia. Na Nanzia, aliyekuwa amenyamaza tangu kwenye maharage, tangu kwenye kamba ya mgomba, tangu kwenye kibuyu na maneno ya wifi, akafunguka.

"Mmemaliza? Haya. Vishale vile viko wapi? Hivi hapa. Chukua, wifi, rusha. Chukua, Kiariro, una mkono mzima mmoja. Chukua, baba. Huo hapo mgomba. Atakayeupata, mtamba ni wake."

Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Mmeona. Mlisema wote, mlifua, mlitoa, lakini mliponisimamisha mbele ya Mferejini nilisimama peke yangu. Mngenipa kishale cha dhahabu na mkono ukatetemeka, mngesema nini? Mngesema badili mkono! Kishale kikishinda ni chenu, kikishindwa ni mkono wangu. Hiyo ni hesabu ya wapi?"

"Lakini vishale vile visingerushwa na mtu bila kutengenezwa," Kiariro akasema.

"Na visingetengenezwa bila shaba," akasema Mrindoko.

"Na wala msingewaza kuvitengeneza," akasema Nakundwa.

"Na vingekuwa vinaning'inia ukutani mpaka leo!" akasema Nanzia.

Wakaanza upya. Watu wa kilabu nao wakagawanyika, huyu kwa yule, yule kwa huyu, jua linazidi kusogea, kila mtu anaongea na hakuna masikio. Na msiniambie wampe mmoja maziwa, mwingine ndama, mwingine samadi. Watu wa Mferejini wawili walikuwa wamefuata nyuma, wamekaa kwenye jiwe, wanakula miwa na kusikiliza. Mkianza kugawanya tu, kamba wanaichukua wao.

Ndipo mtamba akapiga teke moja chini. Akainua mkia. Akazunguka, akalala, akainuka, akalala tena. Maji yakamwagika njiani.

"Jamani," Nanzia akasema. "Jamani, anazaa."

Watu wa Mferejini wakatupa miwa wakasimama.

Zizi la Nanzia liko kushoto, ukiharakisha utafika. La Nakundwa liko juu, lina nyasi tayari. Kiariro ana kibanda cha mkaa upande wa mto, Mzee Mrindoko ana uwanja mzima usio na mtu. Kote kunafikika, lakini ni kumoja tu, na ni sasa hivi, na hao wanne kamba moja wameishika wote wanaivuta kila mtu kwake, na ng'ombe wa watu anawatazama.

Haya, mmekaa hapo mnanitumbulia macho. Neno, moto, shaba, au mkono: mtamba akimbizwe zizi la nani? Semeni haraka, kwato za ndama zimeshaonekana!